Kusaka vitu vya kale Mwanza: pa kwenda, cha kukagua, cha kuacha

Mwanza haina mtaa mmoja wa maduka ya vitu vya kale kama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vitu vyenyewe vipo, tena vingi, ila vimetawanyika: vingine kwa mafundi cherehani na mafundi redio, vingine kwenye meza za wauza vifaa vilivyotumika, vingine kwenye mafungu ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndiyo maana mzunguko huu ni wa watu wawili. Mmoja anazungumza na mwenye mali, mwingine anakishika kitu, anakigeuza na kukikagua bila haraka. Aliye peke yake hujikuta anajadili bei ya kitu ambacho hajakitazama chini.

Hukumu yetu kwa kifupi: kwa vitu vya kazi, yaani karabai, cherehani, mizani, pasi za mkaa, majiko ya pampu na redio, Mwanza ni mji mzuri sana, na uzuri wake unatokana na mafundi wanaovijua. Kwa samani za kale na mbao za nakshi ni hafifu. Anayetafuta hizo aende Unguja.

Bebeni sumaku ndogo, tochi, sindano mpya ya cherehani na uzi, betri kubwa za redio, kipande cha sabuni, na mizani ndogo ya kidijitali kama mnapenda sarafu. Anzeni saa tatu asubuhi. Mapema zaidi meza nyingi hazijapangwa, na mchana jua la katikati ya mji linawafanya wanunuzi waharakishe, na haraka ndiyo inayouza vitu vibovu.

Anzieni Makoroboi, ambako mafundi wa bati walikuwa wakitengeneza koroboi kwa makopo. Tangu wafanyabiashara wadogo walipopangwa upya mwaka 2021, wengi wamehama vituo, kwa hiyo msitegemee maelekezo ya zamani. Ulizeni kwa fundi. Salamu ya “Mwangaluka” kwa mzee wa Kisukuma, au shikamoo ya heshima, hufungua mazungumzo, na fundi aliyesalimiwa vizuri ndiye atakayesema, “Nina moja nyumbani, rudini saa nane.” Vitu bora mara nyingi haviko mezani.

Kitu ambacho Mwanza inayo kuliko miji mingi ni karabai. Miaka mingi wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria walivua usiku kwa taa hizi za mafuta ya taa na pampu, hadi taa za betri na sola zilipoanza kuzichukulia nafasi. Karabai zilizostaafu zinaonekana kwa mafundi na kwa wauza vyuma, na ukifika upande wa Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, inafaa kuziulizia. Ila taa iliyokaa mtumbwini imepigwa na maji, na ukaguzi wake una utaratibu.

Kwanza tangi. Weka sumaku. Isiponata, tangi ni la shaba, mara nyingi shaba ya njano iliyopakwa nikeli. Ikinata ni chuma, na chuma huoza kwa ndani ambako huoni. Fungua kifuniko, mulika na tochi, kisha litikise: ukisikia chembe zinacheza, hiyo ni kutu, na kutu hiyo itapanda na mafuta hadi kuziba tundu la kutolea mvuke. Pili, pampu. Vuta na kusukuma huku umeziba njia ya hewa. Kama haina ukinzani, ngozi ya pampu imekauka. Hilo si tatizo kubwa. Fundi huitoa, huilowesha mafuta, huipanua kwa vidole na kuirudisha, na mara nyingi inashika palepale. Tatu, mvujo, na hapa usikubali maneno matupu. Tangi likiwa tupu, pampu mara kadhaa, funga valvu, pakaza povu la sabuni kwenye maungio yote na kwenye mshono wa chini. Povu likifura kwenye uzi wa skrubu, washa mpya, yaani pete ya kuzibia, inatosha. Likifura kwenye mshono wa tangi, kuna ufa; solda ya haraka haraka juu ya ufa kwenye chombo chenye mafuta na mgandamizo ni hatari. Taa hiyo inunuliwe kama pambo tu, au iachwe.

Kioo kilichopasuka kinabadilishwa, na utambi, ule mfuko wa wavu unaong'aa, hununuliwa mpya. Ukikuta tambi za zamani kwenye pakiti, usizichezee: nyingi zilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi, na vumbi lake halifai kuvutwa puani.

Kwenye cherehani, Mwanza inapewa alama za juu kabisa, kwa sababu hapa mashine ya zamani haijawa pambo; bado inashona. Singer za kukanyaga na za mkono ndizo nyingi, zikifuatiwa na Butterfly za China. Kwenye Singer, tafuta namba iliyopigwa kwenye kitako, upande wa kulia karibu na gurudumu. Namba yenye herufi mbele ni ya mwaka 1900 au baadaye. Isiyo na herufi ni ya kabla ya hapo. Herufi K kwenye majina kama 15K, 66K na 99K inaonyesha kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Muuzaji akikuambia mashine yake ya 15K “ni ya Mjerumani”, tabasamu tu na uendelee kukagua.

Ya kushonea kweli ni 15K. Bobini yake ya duara na sindano zake ni zilezile za Butterfly, kwa hiyo vipuri havikusumbui. Mifano ya zamani zaidi, kama 27 na 28, hutumia bobini ndefu iliyolala ndani ya kifuko chenye umbo la risasi. Ni mashine nzuri mno kwa macho, lakini kifuko hicho kikiwa kimepotea, umenunua chuma. Vuta bamba la mbele kabla hujauliza bei, uone kama kifuko kimo ndani.

Zungusha gurudumu kuelekea kwako. Likiwa zito sawasawa mzunguko mzima, tatizo kwa kawaida ni mafuta yaliyoganda. Matone ya mafuta ya taa kwenye vitundu vyote, usiku mmoja wa kusubiri, kisha mafuta ya cherehani, na mashine inalainika. Likigoma mahali pamoja tu kila mzunguko, kuna kitu kimepinda au uzi umenasa kwenye shato, sehemu ya chini inayobeba bobini, na hapo muite fundi kabla ya kutoa hela. Anayekuambia uweke mafuta ya kupikia usimsikilize: ndiyo yanayoganda kuwa gundi. Wala usifute mwili wa mashine kwa spiriti, maana inayeyusha vanishi na maua ya dhahabu yanatoka nayo.

Mwisho, weka sindano yako mpya na ushone kitambaa kilichokunjwa mara mbili, urefu wa kama shibiri mbili. Geuza. Vitanzi vya uzi chini ya kitambaa vina maana kuwa uzi wa juu haukazwi, na mara nyingi ni taka kati ya visahani vya kukazia. Ni kazi ya dakika chache, lakini ni sababu halali ya kuomba punguzo.

Mizani za kuning'iniza za Salter zenye uso wa duara ni kitu kingine cha ukanda huu wa pamba. Zinazosoma kwa ratili ni za kabla nchi haijahamia kilo. Kuzipima ni rahisi: dumu la maji ya lita 20 lina kilo 20 za maji, sawa na ratili 44, ukiongeza uzito wa dumu lenyewe. Mshale ukirudi vizuri kwenye sifuri baada ya kulitoa dumu, springi ni nzima. Usiporudi, huenda springi imelegea.

Redio tutazipita haraka. Fungua sehemu ya betri kwanza. Unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vya kugusia unasafishwa, ila ukiwa umeingia hadi kwenye bodi, acha. Angalia pia masafa. Redio nyingi za zamani zina masafa ya kati na mafupi tu, wakati stesheni nyingi za Mwanza ziko FM. Na zilizotengenezwa kwa soko la Japani, FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo hapa zitashika kipande kidogo tu cha chini.

Kwenye sarafu, hapa ndipo tunaposhauri tahadhari zaidi. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina robo ya fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Rupia moja ya Mjerumani halisi ina uzito wa gramu 11.66, na hapo ndipo mizani yenu ndogo inapofanya kazi, kwa sababu nakala za kumimina huachana na uzito huo. Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, ya mwaka 1916, yenye tembo, ina nakala nyingi mno. Msiinunue mezani. Na sarafu yoyote isisuguliwe kwa limau wala majivu: iking'aa, imepoteza thamani.

Kwa vigoda, ngoma na vyombo vya Kisukuma, nendeni kwanza Makumbusho ya Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, mkajizoeze kuona kitu halisi. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vyombo vya jadi vilivyotumika katika jamii na milango ya nakshi ya kabla ya 1940 vinalindwa, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Bangili za pembe za ndovu msiziguse kabisa, hata mkiambiwa ni za bibi.

Kuhusu bei, mshindani wenu mkubwa ni tanuru, wala si mnunuzi mwingine. Kitu cha shaba kina bei ya kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mwenye mali anaijua. Chini ya hapo hatashuka, na si haki kumlazimisha. Ulizeni bei ya kilo ya shaba siku hiyo kabla ya kuanza kujadiliana. Majiko mazuri ya pampu yanayeyushwa kila mara kwa sababu hakuna aliyetoa zaidi kidogo ya hapo.

Mkinunua cherehani ya kukanyaga, msiipakie nzima. Toeni mkanda, legezeni skrubu mbili zinazoshika kichwa kwenye bawaba, kiinueni kwa kushika shingo na kitako, kamwe si gurudumu. Kichwa kilazwe kwenye blanketi ndani ya bajaji, miguu ya chuma ifungwe kwenye guta, na meza ya mbao ifuate peke yake.