Miche ya mkungu kwenye vitalu vya Dodoma: inafaa kwa anayetaka rangi

Kwa bustani ya Dodoma, mkungu ndio mti wa rangi. Kabla ya kupukutika, majani yake mapana hugeuka manjano, kisha chungwa, kisha wekundu wa divai. Jani moja huweza kubeba rangi zote tatu, mshipa wa kati ukibaki kijani. Miombo ya Kondoa ni kinyume chake: wekundu wa Septemba na Oktoba ni wa majani machanga, yanayotangulia mvua. Inafaa kuifuata huko huko.

Miche ya vitaluni ni mizuri, ila kagua kiriba, yaani mfuko wa plastiki ulioshika mche. Inua uone chini: mizizi ikiwa imeshajichimbia ardhini, itakatika mche ukinyanyuliwa, na ndani ya wiki majani yatanyauka. Mche wa sentimita 50 wenye shina nene ni bora kuliko mrefu mwembamba.

Panda Desemba, mvua zikishashika. Shimo la sentimita 60 kwa 60, debe moja la samadi iliyooza vizuri, changanya na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kiangazi cha kwanza, mwagilia ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Ukiacha, majani hukauka kahawia pembeni na kuanguka bila rangi yoyote. Kaa mita 6 kutoka ukutani, maana matawi hutanda sana.

Krotoni nazo ni nzuri, mradi zipate jua. Kivulini hurudi kijani.