Katuni mpya: juzuu la karatasi au simu?

Kwa anayehakiki katuni mpya akiwa Arusha au Moshi, simu inashinda bila ubishi katika kuwahi habari. Programu ya Manga Plus, iliyoanzishwa na kampuni ya Shueisha ya Japani mwaka 2019, hutoa sura mpya kwa Kiingereza sambamba na Japani, na sura za karibuni husomwa bure, hivyo gharama inabaki kuwa bando tu. Juzuu lililoagizwa nje hufika posta wakati mjadala wake umekwisha kupoa, na gharama ya kulisafirisha huweza kukaribia bei yake.

Hata hivyo, mhakiki hasomi hadithi pekee. Kurasa mbili zinazotazamana, ambazo mchoraji amezijaza picha moja, hukatwa vipande kwenye kioo cha simu, na jicho hupoteza mpangilio wa visanduku ambao, kwa maoni yangu, ndio nusu ya ufundi wenyewe. Hapo karatasi haina mpinzani.

Kwa uhakika, hakuna njia iliyo salama: Comixology, programu ya Amazon ya kusomea katuni, iliunganishwa na Kindle, programu yake ya vitabu, Desemba 2023, na Diamond, msambazaji mkongwe wa katuni za karatasi Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2025. Karatasi pia yataka matunzo, kwani masika ya Moshi hukunja kurasa pembeni na kulegeza gundi ya mgongoni.

Anayefuatilia habari kila wiki atumie simu. Anayechambua uchoraji, au mwenye wenzake wa kuazimana nao, anunue juzuu chache alizozichagua kwa makini.