Pijo 504 pikapu: kazi tuliyoifanyia Taita, na ushauri kwa anayetaka kuinunua leo

Pijo (Peugeot) 504 pikapu imekuwa nyumbani kwetu Taita, Kenya, tangu nikiwa mtoto. Baba aliinunua ikiwa mpya mwaka 1982, mimi nikairithi, na mpaka leo inapanda mlima wa Wundanyi na mzigo mgongoni. Vijana wananiuliza mara kwa mara kama ni gari la kununua kwa matumizi ya kweli. Jibu linategemea kazi uliyo nayo, kwa hivyo nitaanza na kazi.

Miaka ile hakuna aliyenunua pikapu ili aendee ofisini. Pikapu ilikuwa ya mwenye duka, mwenye shamba, kontrakta, misheni, mstaafu aliyelipwa kiinua mgongo chake, na wizara za serikali. Katika sehemu za kahawa ziliongezeka ghafla baada ya baridi kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975. Bei ikapaa mwaka 1976 na 1977, na wakulima ambao walikuwa wakipeleka gunia kiwandani kwa mkokoteni wakapata fedha ambazo hawakuwahi kuziona. Upande wa Bungoma, pale Chepkube mpakani na Uganda, kahawa ya magendo iliwatajirisha watu katika kipindi hicho hicho. Sisi Taita hatukuwa na neema ya kahawa kiasi hicho. Tulikuwa na kabichi, nyanya, letasi na koliflawa zinazostawi kwa ubaridi wa milimani, na walaji walikuwa Mombasa.

Baba angeweza kununua Datsun 1200. Ilikuwa rahisi na haili petroli, ila kwa mzigo wetu ilikuwa ndogo. Ile ilimfaa muuza maziwa au mwenye duka la mjini. Land Rover ilikuwa ya polisi, wanyamapori na misheni, ngumu kweli lakini nzito na yenye kiu. Toyota Hilux ilikuwa na injini isiyosumbua, ila ikiwa tupu ilirusha vitu. Na hapo ndipo Pijo ilipochukua soko. Ukishapakia, inalala barabarani na kutulia, na magurudumu yake ya mbele yanameza mashimo bila kutikisa bodi nzima. Anayebeba mawe hatajali jambo hilo. Anayebeba nyanya mbivu ataelewa mara moja, maana kila kreti inayopondeka njiani ni hasara yake peke yake.

Sifa za mbio za magari za Safari Rally nazo zilisaidia. Pijo 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo, 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, na 1968 na Nick Nowicki. Halafu 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Magari yale hayakuwa pikapu, lakini mkulima aliyesimama kando ya barabara wakati wa Pasaka akiyaona yanapita kwenye tope alijua anachokitaka. Juu ya hayo, 504 zetu zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa nchini, na fundi wa Pijo ulimpata hata katika soko dogo la kijijini.

Safari yetu ya kawaida ilianza jioni. Kabichi zilipangwa chini, makreti ya mbao ya nyanya juu yake, majani ya migomba katikati ili yasisuguane, na letasi mwisho kabisa kwa sababu haivumilii kukandamizwa. Turubai lilifungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Kwa kitabu pikapu hii hubeba kama tani moja na ziada kidogo. Watu walipakia zaidi, na baba akaongeza bamba moja kwenye springi za nyuma kwa sababu hiyo. Kisha mteremko wa kuelekea Mwatate, kona baada ya kona. Baba hakukubali dereva yeyote ashuke pale kwa breki. Aliweka gia ya pili juu kabisa kabla mteremko haujaanza, akaiachia injini ishikilie gari, na breki akazigusa kwenye kona tu. Aliyeshuka na gia ya tatu alifika Mwatate breki zinanuka. Ukitoka Voi zinabaki kilomita kama 150 hadi Mombasa, usiku, ndovu wakivuka sehemu za Maungu, na kabla ya alfajiri uko Kongowea, soko kubwa la Mombasa, unagombea nafasi ya kushusha.

Kurudi hakukuwa bure. Unga, sukari, saruji, mabati, mafuta ya taa, samaki wakavu, na kila mama aliyekuwa na mtoto anayesoma Mombasa alikuwa na kifurushi ndani ya ile pikapu. Hapa ndipo wanaoyasifu magari mapya wanaponikosa. Gari lilikuwa na jina la baba kwenye kitabu cha umiliki, lakini matumizi yake yalikuwa ya kijiji. Mzazi akishikwa na uchungu usiku, mtu alikuja kugonga mlango wetu, godoro likatandikwa nyuma, safari ya hospitali ya Wesu ikaanza. Maiti ilipotoka mochari ilipanda humo humo, na waombolezaji wakaketi pande mbili za jeneza. Jumapili kwaya. Msimu wa mitihani, madawati. Baba alipokea mchango wa petroli na hakumtoza nauli mtu mgonjwa, na katika miaka hiyo yote sikumsikia akilalamika.

Wenzake waligeuza zao kuwa matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya usafiri, na pikapu ikawa njia nyepesi ya kuingia katika biashara hiyo. Fundi alijenga kibanda cha mabati nyuma, akaweka mabenchi mawili ya mbao ubavuni, abiria wakatazamana goti kwa goti, makanga akaning'inia mlangoni. Nimepanda hizo sana. Zilitufikisha mahali ambapo basi halikukanyaga, na ziliua watu, na yote mawili ni kweli. Kanuni za matatu za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutumika Februari 2004, na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, nyingi zilikuwa zimeshazipisha matatu za Nissan.

Sasa matengenezo. Hii yangu ni ya petroli, injini ya sentimita za ujazo 1,800, gia nne, na mti wa gia uko kwenye usukani, ndiyo maana watu watatu hukaa mbele bila kubanana magoti. Ukifungua boneti unaona ardhi chini. Mkono unafika kwenye kila kitu: kabureta, plagi, platini, pampu ya maji. Kijana mwenye spana chache na subira anaweza kuisafisha kabureta yake mwenyewe kando ya barabara, na kwenye vumbi la njia ya Taveta kabla haijatiwa lami tulifanya hivyo mara nyingi. Ningependa mwanangu ajifunzie ufundi kwenye injini kama hii kuliko mahali pengine popote.

Ubovu wake nao nausema wazi. Inakula petroli, na ndicho kilichoiua sokoni Isuzu za dizeli zilipoenea. Ikibebeshwa mlimani mchana wa jua inachemka, kwa hivyo rejeta lazima iwe safi na maji ya akiba yasikosekane. Usukani ni mzito ukiwa unaegesha. Viungio vya mti wa gia huliwa, na vikishalegea unatafuta gia ya kwanza kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kutu ndiyo adui mkubwa zaidi, hasa kwa gari lililoishi pwani kwenye hewa ya chumvi. Usalama wake hauwezi kulinganishwa na wa gari la leo, na sibebi tena abiria nyuma hata wakinisihi.

Kama unatafuta gari moja la kufanya kila kitu, likiwemo kusafiri na familia kila wiki, usinunue hii. Tafuta dabo kabini (pikapu yenye safu mbili za viti) ya dizeli. Lakini kama una shamba, mzigo wa karibu hadi soko la jirani, na fundi mzee anayeijua Pijo, ni chombo kizuri na ninaipenda kwa moyo wote. Ukienda kuiona, usidanganywe na rangi mpya. Lala chini ya gari na tochi, uangalie pale kabini inapokutana na chesesi ya nyuma. Gonga kwa bisibisi, na ikizama, ondoka. Kagua kama springi za nyuma zimepinda upande mmoja. Iwashe ikiwa baridi, si baada ya mwenyewe kuipasha moto. Mwombe akuonyeshe kitabu cha gari na ulinganishe namba ya chesesi kwa macho yako, kwa sababu nyingi ya hizi zenye namba za zamani zisizo na herufi mwishoni zimepita mikono mingi. Spea bado zinapatikana Kirinyaga Road, Nairobi, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye magari yaliyokongoroka. Mimi nikiona kabureta nzima au taa ya mbele isiyo na ufa, nainunua siku hiyo hiyo hata kama siihitaji, kwa maana sina hakika nitaikuta tena.