Vcrpy: testi zinapita hata data ikiwa imezimwa

Kwa anayeandika programu huku Kigoma, testi (msimbo wa kukagua kama programu inafanya kazi) zinazogonga mtandao kila zinapoendeshwa ni hasara mara mbili: zinakula bando, halafu zinafeli kwa sababu isiyohusu msimbo wako. Nahudumia mfumo wa wafanyabiashara wa dagaa na migebuka pale Kibirizi. Mteja aliye mbali analipa kwa simu, kampuni ya malipo inautaarifu mfumo, stakabadhi inatoka, mzigo unapakiwa. Seva ya majaribio ya kampuni hiyo (siitaji) ina tabia ya kulala mchana kweupe. Ndipo nikahamia vcrpy.

Ni maktaba ya Python, ya bure, iliyoigwa kutoka VCR ya Ruby. Testi ikiendeshwa mara ya kwanza, ombi linakwenda mtandaoni kweli na jibu linahifadhiwa kwenye faili la YAML linaloitwa kaseti. Baada ya hapo jibu linasomwa kutoka kwenye diski.

Kasi ni nzuri, ila sicho kilichonishika. Jibu la bandia unaloandika kwa mkono hukuambia unachotaka kusikia. Kaseti ilinionyesha kiasi kikirudi kama "5000.00", maandishi ndani ya alama za nukuu, wakati nyaraka za kampuni zinasema ni namba. Na siku seva yao ilipozimia nilirekodi vilevile: 503 (kosa la seva isiyopatikana) yenye ukurasa wa HTML mahali pa JSON, muundo wa data ambao mfumo wangu unausubiri. Hiyo siifuti, maana ndiyo inayonihakikishia kwamba mfumo hautatoa stakabadhi hewa.

Sasa, kabla hujaipeleka kaseti kwenye Git, hifadhi ya matoleo ya msimbo, ifungue uisome. Yangu ilikuwa na heda (maelezo yanayoambatana na ombi) ya Authorization yenye tokeni nzima, yaani ufunguo wangu wa siri, na chini kidogo, kwenye jibu, namba ya simu inayoanza na 255 pamoja na jina kamili la mwenzangu aliyejitolea kwa majaribio. Vcrpy haichagui, inabeba vyote. Ukiweka filter_headers tokeni inaondoka, lakini yaliyomo ndani ya jibu hayaguswi; hapo unaandika kitendakazi chako mwenyewe na kukikabidhi kwa before_record_response. Kwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo halibaki kuwa suala la ustaarabu tu. Kwa maoni yangu tokeni ingefichwa tangu mwanzo, anayetaka ionekane ndiye aombe. Ongeza pia decode_compressed_response=True, la sivyo majibu yaliyobanwa kwa gzip utayakuta ni rundo la herufi zisizosomeka, na huwezi kuficha usichokiona.

Kinachoniudhi hasa ni ulinganishaji. Usipogusa mipangilio, vcrpy hutambua ombi kwa aina yake (GET, POST na kadhalika), anwani na vigezo vya URL. Mwili wa ombi, yaani data yenyewe inayotumwa, haiuangalii. Badilisha msimbo utume shilingi 500 badala ya 5000 kwa POST ileile, testi inapita bila hata kukohoa! Kwa mfumo wa malipo hiyo ni hatari tupu. Dawa ni kuongeza body kwenye match_on, nayo inaleta kero yake: ombi lenye saa au namba ya kumbukumbu inayobadilika kila mara linagomewa kwa CannotOverwriteExistingRequestException, jina la kumtisha mgeni. Mimi naigandisha saa na namba hizo ndani ya testi, mambo yanatulia.

Kwenye kompyuta yangu natumia hali ya once (hurekodi pale tu kaseti inapokuwa haipo), na kwenye seva inayoendesha testi kila msimbo unapoingia natumia none (hairekodi kamwe), ili ombi geni lisipenye kimyakimya. New_episodes, inayorekodi kila ombi jipya kwenye kaseti iliyopo, siipendi kwa sababu hiyohiyo.

Kaseti nazo huzeeka. Kampuni ikibadilisha umbo la jibu, testi zako zitaendelea kuwa kijani huku wateja wakilalamika, na vcrpy haitakushtua. Mimi nazifuta na kurekodi upya kwa bando la usiku, nikilinganisha faili jipya na la zamani kwa git diff, amri inayoonyesha tofauti. Mstari uliobadilika unajionyesha wenyewe.

Kama programu yako inaongea na huduma moja yenye majibu mawili matatu mafupi, usijisumbue na haya yote. Andika kwa mkono, ila nakili jibu halisi, usilitunge.