IZUMO1 ya kichupa: uzoefu wangu maabarani Moshi

Nimenunua IZUMO1 mara mbili. Mara ya kwanza hela ilipotea kwa sababu sikusoma mstari mmoja tu kwenye karatasi ya bidhaa, ule unaosema protini ilitengenezwa ndani ya seli za nini.

Kwa asiyeifahamu, IZUMO1 ni protini ya kwenye kichwa cha mbegu ya kiume. Watafiti wa Japani waliitangaza mwaka 2005 wakaipa jina la hekalu la Izumo, ambako watu huenda kuomba heri ya ndoa. Panya dume wasio nayo wana mbegu zinazoogelea vizuri, zinalifikia yai na kupenya hadi ndani ya ganda lake la nje, kisha zinaishia hapo. Kuungana na yai haziwezi. Mwaka 2014 akapatikana mwenzake upande wa yai, akaitwa JUNO.

Kazi yangu ya shahada ni kutafuta kwenye damu ya wanandoa waliochelewa kupata mtoto kama kuna kingamwili zinazoishika IZUMO1. Naipenda kazi hii. Nimekulia Kibosho na nimeona wake wangapi wakirudishwa kwao bila hata mume kupimwa.

Kichupa cha kwanza kilitengenezwa kwa bakteria wa E. koli. Kilikuwa nafuu, na kwenye jeli ya kupimia ukubwa wa protini, mstari wake (bendi) ulitoka safi, mahali pake. Nikafurahi. Nilipopaka sahani ya vipimo kwa protini hiyo na kumwaga JUNO juu yake, rangi ya kuonyesha kuwa zimeshikana haikutokea. Nikarudia, hola. Bakteria haiibandikii protini zile sukari ambazo seli zetu huibandikia, na vile vifungo vya salfa vinavyoikunja IZUMO1 ikae katika umbo lake ni vigumu kufungika sawasawa mle ndani. Kwa kupima uzito au kufundishia, haina shida. Ila kingamwili nyingi za mtu hutambua umbo, na protini iliyokunjika vibaya ingenipa majibu ya uongo kuhusu damu za watu walioniamini.

Cha pili nilichagua kilichotengenezwa kwa seli za binadamu, HEK293. Kwa mikrogramu 50 nililipa karibu laki nane kabla ya usafiri, na ilinibidi nimwombe msimamizi wangu mara tatu. Bendi yake ilikaa juu kuliko uzito wa hesabu. Usishtuke ukiiona hivyo, ni zile sukari. JUNO ilishika siku hiyohiyo. Nilimwita dada wa benchi la jirani aje aone ile rangi ya njano.

Chagua ya unga, si ya maji. Mzigo wangu ulitua uwanja wa ndege wa KIA Ijumaa jioni, nikaupata Jumatatu mchana ukiwa na joto la kawaida, na unga haukudhurika. Ingekuwa ya maji kwenye barafu kavu, ningepokea boksi ambalo barafu imeshaisha na protini imeshapata joto. Ukifika, zungusha kichupa kwenye sentrifuji kabla ya kukifungua, maana unga huganda kwenye kifuniko. Usitikise kwa nguvu, ikitoa povu inaharibika. Gawa kidogokidogo kwenye vichupa vya kuweka friza siku hiyohiyo ya kuuyeyusha unga. Mimi niligawa vichupa kumi, na umeme ulipokatika usiku kucha mwezi uliofuata niliwahi kuvihamishia vyote kwenye friza yenye jenereta.

Kuna jambo moja lililonisumbua hata kwenye hiki kizuri. Protini ina mkia wa histidini sita (histidini ni mojawapo ya vipande vinavyojenga protini) uliowekwa ili kuisafisha kiwandani. Sampuli mbili za damu zilitoa rangi kali, na nilikuwa nimeshaanza kuziandika kuwa zina kingamwili za IZUMO1. Nilipoweka protini nyingine yenye mkia huohuo, isiyohusiana na uzazi, sampuli hizo zikang'aa vilevile. Zilikuwa zinashika mkia. Tangu hapo kila sahani yangu ina safu ya protini hiyo ya kulinganishia.

Shangazi aliposikia ninafanya kazi na protini ya mbegu alinijia jioni, akauliza kwa sauti ya chini kama naweza kumpatia mkwewe kidogo anywe. Nilimwonyesha lebo: ni ya utafiti tu, si dawa. Nikamwambia, "Shangazi, waende hospitali wote wawili, mke na mume, siku moja." Wameshapewa tarehe.

Vimebaki vichupa vinne, na oda inayofuata itakuwa ya HEK293 tena.