Khan Academy kwa sisi wa biashara tunaosumbuliwa na takwimu: nimekaa nayo semista nzima

Wadau naona kila semista watu wanauliza wapi pa kujifunzia takwimu na uwezekano bila kulipia tuisheni, basi ngoja niseme kuhusu Khan Academy, yaani masomo ya mtandaoni ya video na mazoezi, maana nimeitumia kweli, sijaionja tu. Nasoma biashara mwaka wa pili hapa Dar, na mwaka wa kwanza hili somo lilinipa sapu (mtihani wa kurudia). Mwalimu anaandika fomula ubaoni, anaweka namba, anapata jibu, anafuta, na darasa lina watu zaidi ya mia mbili, sasa swali utauliza saa ngapi. Standadi devieshen (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) nilikuwa naipiga vizuri tu kwa kalkuleta, lakini ungeniuliza hiyo namba inamwambia nini mwenye duka nisingekuwa na la kusema.

Kozi yao iko kwenye tovuti na kwenye apu ya simu, ina yuniti 16, inaanzia majedwali na grafu, inapita wastani na mediani (namba ya katikati ukizipanga), inaingia kwenye uwezekano, halafu sampuli, kupima haipothesisi (kupima dai kwa kutumia data), mpaka ANOVA (kulinganisha wastani wa makundi kadhaa) kule mwisho. Ni bure, hakuna mahali utaambiwa weka kadi ya benki ndo uendelee, ni shirika lisilo la faida linaloendeshwa kwa michango. Sal Khan alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake hisabati kwa mbali, na ukisikiliza video unaelewa kabisa kwamba huyu mtu alianza hivyo, maana anaongea kama kaka aliyekaa na wewe mezani, anaandika kwa rangi kwenye ubao mweusi, anarudia namba kwa sauti.

Ila mimi sikusaidiwa na video kama nilivyosaidiwa na mazoezi. Ukikosa swali unafungua msaada hatua moja moja, unaona ulipotelea wapi, halafu unapewa swali lingine la aina ileile mpaka likae. Na wanaeleza KWANINI. Mfano ile ya kugawanya kwa n kutoa 1 unapotafuta mtawanyiko wa sampuli (n ni idadi ya namba kwenye sampuli), chuoni niliambiwa tu ndo ilivyo, kariri. Kule wanakuonyesha kwa kuchukua sampuli nyingi nyingi kwenye kompyuta kwamba ukigawanya kwa n unapata mtawanyiko mdogo kuliko ule halisi, kwa sababu sampuli inajipima na wastani wake yenyewe na siyo wastani wa watu wote. Nilivyoliona hilo sijalisahau tena.

Sasa tahadhari kwenye yuniti ya uwezekano, kuna maswali ya karata. Kama umekulia nyumba ambayo karata haiingii mlangoni (tuko wengi) utadhani uwezekano ni mgumu kumbe kinachokukwamisha ni karata zenyewe, hujui ziko 52, aina nne, kila aina 13. Jifunze hilo dakika tano kwanza ndo urudi kwenye maswali. Mifano mingi pia ni ya maisha ya Marekani, kwahiyo kazi ya kuileta huku mtaani ni yako.

Na hapo ndo nataka nikae kidogo, maana mimi somo lilinikaa nilipolipeleka dukani kwa shangazi. Shangazi ana duka Mbagala, anachukua mikate midogo kila asubuhi kwa 1,000 anauza 1,300, ukilala hauuziki tena, hasara yake. Alikuwa anachukua 20 kila siku, anasema mteja asirudi mikono mitupu. Nikamwomba aniandikie kwenye daftari kwa siku 30 mikate mingapi imeulizwa. Siku 6 watu walitaka 10, siku 15 walitaka 15, siku 9 walitaka 20 (nimeiweka kwenye makundi hivyo ili hesabu iwe nyepesi). Yaani uwezekano ni 0.2, 0.5 na 0.3. Ukichukua 20, siku inayoulizwa 10 unapoteza 7,000, siku inayoulizwa 15 unapoteza 500, siku inayoulizwa 20 unapata 6,000, ukizidisha kila moja na uwezekano wake ukajumlisha unapata shilingi 150 kwa siku. Mia na hamsini! Mwezi mzima mkate unampa 4,500. Angechukua 15 angepata wastani wa 3,200 kwa siku, mwezi 96,000. Hata angechukua 10 tu kila siku angepata 90,000.

Nilimwonyesha, akaangalia lile daftari muda mrefu, akasema "sasa mwanangu, wa asubuhi akikosa mkate kwangu, na sukari na majani ya chai si ataenda kununua kwa jirani?" Na ana haki kabisa, hesabu yangu ilihesabu mkate peke yake. Nikarudi kwenye yale majedwali ya njia mbili (yanayopanga data kwa mambo mawili kwa pamoja), ambayo kwenye kozi nilikuwa nimeyapita mbiombio, nikagawa zile siku kwa siku za wiki. Katika zile siku 9 za mikate 20, siku 7 zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Kwahiyo uwezekano wa kuuliziwa 20 ukishajua leo ni wikiendi siyo 0.3 tena, unapanda sana. Sasa hivi anachukua 15 katikati ya wiki na 20 wikiendi, na daftari bado anaandika.

Mapungufu niyaseme. Kozi hii haina namba fahirisi (za kuonyesha bei au mauzo yamebadilika kiasi gani toka kipindi cha msingi) wala mfululizo wa muda, zile za kutafuta mwelekeo wa mauzo kwa wastani unaosogea, na kwenye silabasi zetu za biashara hayo yanakuja sana kwenye pepa. Eksel hawafundishi, na kazini watakuuliza Eksel. Lugha ni Kingereza, ila manukuu yapo chini ya video na unaweza kupunguza spidi. Bando nalo linaenda, mimi nilikuwa nadownload video kwenye apu nikiwa na waifai ya chuo, geto nafanya mazoezi tu, maana mazoezi hayali MB kama video.

Kwa kuelewa msingi naipa 9 kwa 10, kwa kufaulu silabasi nzima ya takwimu za biashara naipa 6. Sapu niliifuta. Kama una mwezi mmoja kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa semista) usianze yuniti ya kwanza ukaenda mpaka mwisho, hutamaliza, fanya uwezekano, vigeu nasibu (namba zinazotegemea bahati, kama mikate inayoulizwa kwa shangazi) na usambaaji wa sampuli (majibu yanavyobadilika sampuli hadi sampuli) kwanza, haipothesisi inafuata hapo, na namba fahirisi chukua pasti pepa za chuo chako mkazifanye na wenzako.