Vyungu vya nyanya na pilipili za ndani: kipi cha kununua, lita ngapi, na kipi ukiache hapohapo dukani

Wenye haraka jibu lenu hili hapa: kwa mche wa nyanya au pilipili utakaokaa ndani chini ya taa au dirishani, chukua mfuko wa kitambaa wa lita 15 mpaka 20, ukikosa huo chukua chungu cha plastiki cha kawaida kabisa chenye matundu mengi chini, na kile kizuri cha kauri kisicho na tundu achana nacho hata wakikupa bure. Mwenye muda tuendelee, maana sababu zake ndo zitakusaidia hata ukikuta duka halina hivyo nilivyovitaja.

Watu wengi wakinunua chungu wanaangalia rangi na umbo, halafu wanauliza kinaingia udongo kiasi gani. Swali la udongo ni zuri, ila kuna jingine kubwa kuliko hilo, hewa inaingiaje humo. Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni muda wote, usiku na mchana, na hiyo oksijeni inakaa kwenye vinafasi vidogo kati ya chembe za udongo, sasa ukishajaza vile vinafasi maji na yakakosa pa kwenda mizizi inakosa hewa, inadhoofika, halafu ndo vinaingia vile vimelea vya kuozesha mizizi, Pythium na wenzake, ambao wao maji yaliyotuama na joto la ndani ndo raha yao. Na hapa ndo wengi wanapotea, kwa sababu mmea wenye mizizi iliyooza unanyauka vilevile kama mmea wenye kiu, mtu anaona majani yamelala anaongeza maji, kesho yamelala zaidi anaongeza tena. Kabla hujaongeza, ingiza kidole kwenye udongo. Ukikuta umelowa na majani yamelala, tatizo liko chini.

Ukitaka kuhakikisha, chomoa mche taratibu utazame. Mizizi mizima ni meupe au krimu, migumu kiasi, inanuka udongo tu. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ukiushika mzizi mmoja ukauvuta kwa kucha ile ngozi ya nje inavuka yote unabaki umeshika kauzi kembamba ka katikati. Ukishaona hivyo ujue chungu na umwagiliaji ndo vya kurekebisha kwanza, mbolea isubiri.

Sasa lita ngapi?

Nyanya ndefu ile inayopanda kamba bila kukoma, lita 20 ndo pa kuanzia na ukiweza 30 itakushukuru. Nyanya fupi ya kichaka lita 15 mpaka 20 inatosha. Pilipili hoho na pilipili kali lita 10 mpaka 15. Basili na mimea mingine ya majani ya harufu lita 2 mpaka 4, saladi haina shida kabisa, yenyewe inataka upana kuliko kina, sentimita 15 za kwenda chini zinaitosha.

Kuna watafiti wakiongozwa na Hendrik Poorter, mwaka 2012 walikusanya majaribio mengi ya vyungu vya ukubwa tofauti wakakuta kwamba kwa wastani ukizidisha ujazo wa chungu mara mbili mmea unaongezeka uzito kama asilimia 43. Si haba. Lakini usikimbilie lita 50 kwa sababu hiyo, ndani ya nyumba mara nyingi kinachobana ni mwanga, taa yako ikiwa ndogo lita za ziada zitabaki udongo uliolowa ambao hakuna mzizi wa kuunywa. Halafu kuna uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chungu cha lita 20 kikishamwagiliwa si cha kuweka kwenye rafu ya mbao nyembamba wala cha kubeba na mgongo unaouma.

Angalia pia hicho kipimo kilichoandikwa. Vyungu vinavyouzwa kwa galoni vinachanganya sana, galoni ya Marekani ni karibu lita 3.8 ila chungu cha bustani kilichoandikwa galoni 1 mara nyingi kinaingia lita 2.7 hivi tu. Na vinavyouzwa kwa upana ndo balaa zaidi. Chungu cha upana wa sentimita 30 na kina cha 30 kingekuwa kimenyooka kama bomba kingeingia lita 21, ila vingi vinabana kwenda chini, kikiwa na sentimita 22 kwenye kitako kinashuka mpaka lita 16, toa zile sentimita 3 za juu unazoacha kwa ajili ya kumwagilia unabaki na 14. Ulidhani umenunua 20. Kama dukani wanaruhusu pima mwenyewe kwa futi, kama unaagiza mtandaoni soma vipimo vyote vitatu, upana wa juu, wa chini na kina.

Kati ya vyungu viwili vya lita sawa chukua kirefu, usichukue kipana kilicholala. Ukimwagilia chungu chochote yakaisha kudondoka, chini kabisa inabaki tabaka ya udongo iliyoshiba maji, na unene wa hiyo tabaka unategemea aina ya udongo, hautegemei ukubwa wa chungu. Tuseme kwa udongo wako ni sentimita 5. Kwenye chungu cha kina cha sentimita 10 nusu nzima ni tope, kwenye cha 30 ni moja ya sita tu. Ndo maana ile tabia ya kuweka kokoto chini ya chungu "maji yatoke vizuri" haisaidii, maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu yake ushibe kwanza, kwa hiyo unachofanya ni kuipandisha ile tope iwe karibu zaidi na mizizi na umepoteza lita kadhaa juu. Najua hata wauza maua wanafundisha kokoto. Weka kipande cha wavu kuzuia udongo usimwagike, inatosha.

Haya, tuvipange.

Namba moja, mfuko wa kitambaa

Huu mweusi au wa kijivu unaofanana na blanketi zito. Uzuri wake uko pembeni: ncha ya mzizi ikifika ukutani inakutana na hewa, inakauka, inaishia hapo, halafu mzizi unatoa matawi nyuma yake, ndo unapata mizizi midogo mingi iliyosambaa udongo wote. Kwenye plastiki mzizi ukigonga ukuta unakata kona unazunguka, unazunguka tena, ukija kuchomoa mche wa miezi unakuta mizizi imejisuka pembeni kama kikapu na katikati udongo mtupu haujaguswa. Mfuko pia unasamehe ukimwagilia kupita kiasi maana unakauka pande zote.

Hasara yake ni hiyohiyo ya kukauka. Mmea mkubwa chini ya taa kali unaweza kudai maji kila siku, na kokopiti (ule unga wa makumbi ya nazi unaotumika kama udongo) ikishakauka sana maji yanapita pembeni yanaishia kwenye sahani bila kulowesha ndani, hapo mwagilia kidogo, subiri, rudia. Pembeni patatoka chumvi nyeupe za mbolea, si ugonjwa, ni mwonekano tu. Ukinunua minya kitambaa na ukitazame kwenye mwanga, kama unaona upande wa pili kama chandarua kiache, kitachanika ukikibeba kimejaa. Vinavyoandikwa gramu 250 mpaka 300 kwa mita ya mraba ndo vinasimama vyenyewe. Vuta vishikio kwa nguvu kabla ya kulipa, vishikio vilivyoshonwa mstari mmoja vinang'oka. Na muhimu kuliko yote, nunua na kistuli cha waya au kichanja cha kuuinua, kwa sababu mfuko ukikaa moja kwa moja kwenye sahani yenye maji unayanyonya kurudi juu na ile faida yote ya hewa chini imekufa.

Namba mbili, plastiki ya kawaida

Namaanisha ile ile nyeusi ya kitaluni, isiyo na urembo. Kwangu inaikaribia namba moja, na kwa miche midogo inaipita kabisa, kwa sababu ni nyepesi, inaoshwa, inabanwa pembeni mche unatoka wote na udongo wake. Mpango mzuri ni kupanda kwa hatua: mche unaanza kwenye nusu lita, unahamia lita 3 au 4, halafu ndo unaingia kwenye chungu cha mwisho. Kuuchukua mche wenye majani manne ukauweka kwenye lita 20 ni kuutesa, kamizizi kake kananywa kijiko udongo umeshika ndoo, unakaa umelowa wiki nzima na vile viwadudu vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinaanza kuzaliana juu ya udongo. Utajuaje wakati wa kuhamisha? Nyanyua chungu. Ukiona jana umemwagilia na leo tayari ni chepesi kama kitupu, na chini mizizi inachungulia matunduni, hamisha.

Cha kukagua ni kitako. Geuza chungu. Matundu yawe manne au zaidi, na yawe kwenye kona kati ya kitako na ukuta, tundu moja la katikati likikalia sahani linajiziba lenyewe. Vitako vyenye vijimiguu ni bora. Plastiki inayopitisha mwanga usichukue, mwani wa kijani unaota ndani.

Namba tatu, plastiki yenye matundu au mistari wazi pembeni

Wazo lake ni lile la kitambaa ila kwa plastiki ngumu, inadumu miaka na inaoshwa. Ingekuwa juu zaidi isipokuwa udongo mkavu unamwagika matunduni mwanzoni kabla mizizi haijaushika, na ndani ya nyumba nani anataka kufagia kila siku. Kama una chumba maalumu cha mimea ipandishe iwe namba mbili.

Namba nne, chungu chenye tangi la maji chini

Watu wanaosafiri safiri, hiki ni chenu. Maji yanakaa chini, yanapanda taratibu kupitia utambi au nguzo ya udongo, na nyanya inapenda sana unyevu usioyumba, maana kumwagilia leo mafuriko kesho ukame ni moja ya sababu za matunda kuoza kitako, kitako kinaoza tunda likikosa kalsiamu, na kalsiamu inasafiri na maji. Lakini kisiwe na udongo mzito wa shambani, utageuka matope, weka mchanganyiko mwepesi wa kokopiti na perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za kuingiza hewa kwenye udongo). Lazima kiwe na tundu la kumwaga maji ya ziada, kisicho na hilo tundu ni beseni tu. Mche mdogo mwagilia juu kwanza mpaka mizizi ishuke, na mara mojamoja pitisha maji matupu mengi kutoka juu kushusha chumvi za mbolea zinazojikusanya.

Tano, chungu cha udongo wa kuchoma. Kinapumua, kizuri kwa macho, ila cha lita 20 ni mzigo hata kikiwa kitupu, na kikianguka ndo basi. Kwa pilipili ndogo na basili sawa. Kipya kiloweke kwanza maana kitanyonya maji ya mmea wako.

Sita, ndoo ya kutoboa mwenyewe. Inafanya kazi vizuri tu, isipokuwa wanaotoboa vitundu viwili vya msumari wakaona wamemaliza. Toboa nane au kumi vya upana wa milimita 10 kwa drili, vingine viweke ukutani sentimita 2 kutoka chini. Tafuta ndoo iliyobeba chakula, yenye namba 2 au 5 ndani ya pembetatu ya kitako, ya rangi au kemikali iache kabisa, unakula matunda yake. Ndoo nyeupe ifunike na kitu cheusi kwa ajili ya ule mwani.

Mwisho kabisa, kauri inayong'aa bila tundu. Kama umeshainunua au umezawadiwa, itumie kama koti: mche ukae ndani yake kwenye chungu chake cha plastiki, ukimwagilia utoe maji yachuruzike kwenye sinki dakika kumi ndo urudishe.

Vyungu vilivyotumika navyo vinauzwa bei nzuri na sioni ubaya, ila Pythium na wenzake wanakaa kwenye udongo mkavu ulioganda pembeni wakisubiri maji, kwa hiyo sugua kwanza uchafu wote utoke, kisha loweka kwenye dawa ya klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 9 kwa dakika kumi, suuza, anika. Kusugua kwanza si hiari, klorini haina nguvu kwenye kitu chenye udongo. Plastiki na ndoo zinavumilia hiyo kazi vizuri. Mfuko wa kitambaa uliotumika na mtu usiyejua mimea yake iliumwa nini, huo sinunui, mizizi ya zamani inabaki imejisokota ndani ya nyuzi hata ufue vipi.